Kuliko Nini?

  

Leo nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni zaidi. Si neno baya. Limetoka Uarabuni miaka mingi, likapewa uraia, na hakuna anayeweza kuishi bila hilo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyolitumia sisi tunaosema kwenye vipaza sauti. Sikiliza matangazo ya siku moja tu. Mbegu fulani ina mavuno bora zaidi. Basi fulani lina usafiri wa uhakika zaidi. Duka fulani, bei nafuu zaidi. Mimi nikisikia hivyo hukaa nikisubiri nusu ya pili ya sentensi. Nafuu zaidi kuliko nini? Kuliko duka la jirani? Kuliko mwaka jana? Kuliko duka lenyewe lilivyokuwa asubuhi? Jibu haliji. Unaingia muziki.

Sehemu ya lawama iko kwa Kiingereza, au tuseme iko kwetu tunaotafsiri kwa haraka. Waingereza wana maneno yao mawili, "more than", ambayo hutumika kila mahali: kwa idadi, kwa sifa, kwa sifa za kupindukia. Na wana desturi ya kuyakata, wakabakiza "more" peke yake, hasa wanapouza kitu. Mtafsiri akikuta "more" anabandika zaidi. Akikuta "more than" anabandika zaidi ya. Kazi imekwisha, anakwenda kunywa chai. Lakini Kiswahili hakikuanza kulinganisha vitu siku Waingereza walipofika, na zana zake chenyewe zina tabia moja ninayoipenda sana: hazikuruhusu uutaje mzigo mmoja na kuuficha wa pili.

Twende mnadani. Simama karibu na zizi, usiseme kitu, sikiliza tu. Mzee mmoja mwenye fimbo amewatazama madume wawili kwa muda. Anamuuliza dalali kijana, "Huyu mwekundu na yule mwenye mabaka, yupi mkubwa?" Kijana anajibu, "Mzee wangu, yule wa mabaka anampita huyu kimo. Ila huyu anamzidi kwa nyama. Mshike hapa mgongoni." Mzee anabonyeza kwa vidole viwili, anakwenda kwa wa pili, anabonyeza tena, anarudi. "Bei?" "Huyu laki nane." "Mwanangu, kwa nyama ipi hiyo?" Na mazungumzo yanaanza upya.

Angalia yale maneno ya dalali. Anampita. Anamzidi. Ndani ya kitenzi chenyewe kuna nafsi mbili: anayezidi na anayezidiwa. Huwezi kusema "anazidi" ukanyamaza, kila mtu atakuuliza anamzidi nani. Kisha kinafuata kipimo: kimo, nyama, umri, mwendo, akili. Ananizidi umri. Amenipita kimo. Kwa mbio, sungura anamshinda mbwa. Sentensi fupi kabisa, na ndani yake tayari kuna nani, kuliko nani, kwa lipi. Kijana yule akitaka kudanganya itabidi adanganye waziwazi, maana mzee ana vidole vyake na ng'ombe wote wawili wako palepale.

Watu wa mjini siku hizi wanasema, "Kaka yangu ni mkubwa zaidi yangu." Inaeleweka, sikatai. Lakini tulia useme, "Kaka yangu ananizidi miaka mitatu." Ya pili imebeba habari mara mbili ya ile ya kwanza, tena kwa maneno machache.

Sasa tuje kwenye kuliko, ambalo wengi wetu hulitumia bila kuliangalia usoni. Ndani yake mna ku, mna li, mna ko. Ni neno la mahali: pale penye kitu fulani, pale kilipo. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Unguja na kutoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, alilifafanua hivyo hivyo, na Bi. Ashton akalirudia katika sarufi yake ya 1944. Kwa hiyo ukisema nyumba hii ni kubwa kuliko ile, kwa asili ulikuwa unasema: nyumba hii ni kubwa, pale ile ilipo. Umeziweka nyumba mbili uwanja mmoja, umeitazama moja ukiwa umesimama kwa nyingine.

Wengi wetu hapa Kondoa tunaamshwa na ulinganishi kila siku. Muadhini wa alfajiri anatukumbusha kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Kwa Kiarabu chake, neno analolitumia kwa ubora ni lilelile lililotupa sisi heri, na panapokaa kuliko yetu yeye anatumia neno ambalo kazi yake ya kawaida ni "kutoka": swala ni heri kutoka kwenye usingizi. Waarabu wanapima kwa kuondoka mahali, Waswahili wanapima kwa kusimama mahali. Wote wawili wanahitaji mahali.

Wala si sisi na Waarabu tu. Mtaalamu wa Kiholanzi, Leon Stassen, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1985, na baadaye akachora ramani yake katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyochapishwa 2005. Alizitazama lugha 167. Zinazolinganisha kwa njia ya mahali zilikuwa 78. Zinazoweka tu sentensi mbili kando kwa kando, huyu mkubwa yule mdogo, zilikuwa 34. Zinazotumia kitenzi cha kuzidi au kupita, 33, na Afrika imo kwa wingi humo. Zinazotumia kijineno maalumu kisicho na kazi nyingine, kama "than" ya Kiingereza, zilikuwa 22, na nyingi kati ya hizo ni za Ulaya. Kumbe njia tunayokimbilia kuiga ndiyo yenye lugha chache! Sisi Kiswahili tunazo kuliko ya mahali na kuzidi ya kitenzi, zote mbili hai, na ile ya kuweka kando kwa kando tunaisikia sokoni kila siku: hizi za leo, hizo za juzi, chagua mama.

Neno lingine la kupendeza ni afadhali. Hilo kwa Kiarabu tayari lina ulinganishi ndani yake, maana yake ni "iliyo bora kuliko", na Kiswahili kimelihifadhi hivyo. Ukiuliza hali ya mgonjwa ukaambiwa ana afadhali, umeelewa kila kitu: analinganishwa na yeye mwenyewe alivyokuwa jana. Anayesema "afadhali zaidi" amevaa koti juu ya koti.

Nisije nikaonekana mkali kupita kiasi. Ipo nafasi ya zaidi kubaki peke yake, nayo ni pale ambapo yule wa pili anajulikana kwa wote wanaozungumza. Asubuhi ya Julai mkikutana barazani mmejifunika, mmoja akasema "leo baridi zaidi", hakuna atakayeuliza kuliko lini; jana wote mlikuwepo. Vilevile barabara. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi Aprili 2018, na tangu hapo watu wanasema Kondoa imekuwa karibu zaidi. Kilomita hazikupungua hata moja, kutoka hapa hadi Dodoma mjini bado ni kama 160. Kilichopungua ni saa za njiani na ile hofu ya masika ya kulala kwenye tope. Lakini aliyepita njia ile zamani anajua analinganisha nini na nini, kwa hiyo anaelewana na mwenzake.

Redioni ni tofauti. Hapa hakuna baraza. Mimi sikuoni, hunioni, wala hatukushuhudia jambo lilelile jana. Nusu niliyoiacha haiko mahali popote. Ndiyo maana msemaji wa redio anadaiwa uangalifu ambao mtu wa barazani hadaiwi.

Sasa zaidi ya. Hapa pana mitego halisi. Chukua sentensi hii: "Hakuna aliyelima zaidi ya Juma." Ina maana gani? Ya kwanza: wote walilima, ila Juma ndiye aliyelima kingi kuliko wengine. Ya pili: hakuna mtu aliyegusa jembe isipokuwa Juma. Kijiji kizima cha wachapakazi, au kijiji kizima cha wavivu, na maneno ni yaleyale. Kisa ni kwamba zaidi ya hubeba pia maana ya "isipokuwa" na "mbali na". Zaidi ya Juma, nani mwingine alikuja? Tunasema hivyo kila siku. Ukitaka maana ya kwanza, sema "Hakuna aliyemzidi Juma kwa kulima." Ukitaka ya pili, sema "Aliyelima ni Juma peke yake." Usimwachie msikilizaji akuchagulie.

Kuliko nako kuna mtego wake, ingawa ni mmoja tu. "Mama anampenda Juma kuliko baba." Nyumba inaweza kuvunjika kwa sentensi hii. Je, mama anampenda Juma kumpita anavyompenda mumewe? Au mama na baba wote wanampenda Juma, ila mama ndiye mwenye mapenzi mengi? Waingereza wana tatizo lilelile, na wana kelele nyingi kuhusu kiwakilishi gani kifuate. Sisi dawa yetu ni kitenzi: "kuliko yeye anavyompenda baba", au "kuliko baba anavyompenda". Silabi chache tu za nyongeza, amani imerudi nyumbani.

Kuhusu kama Simba ni bora kuliko Yanga au Yanga ni bora zaidi ya Simba, leo simu tumezifunga.

Kwenye idadi, zaidi ya ina haki yake kamili, lakini itumike kwa adabu. Nasikia taarifa ikisema "zaidi ya watu 47 wamejeruhiwa". Ndugu mwandishi, kama umehesabu 47, sema 47. Kama hukuhesabu, 47 umeitoa wapi? Zaidi ya hukaa vizuri na tarakimu za mkupuo: hamsini, mia, elfu. Na hata hapo inaficha mengi. Mfano uko hapa hapa kwetu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336. Maelezo yanayosomwa kila mahali husema kuna mapango na vibanda vya mwamba zaidi ya 150 vyenye michoro. Mtu akisikia hivyo atafikiri 155, labda 160. Lakini makadirio yenyewe ya UNESCO ni kati ya 150 na 450! Zaidi ya 150 ni kweli tupu, na bado imemwacha msikilizaji mbali na ukweli kwa mamia. Mary Leakey alikuja kunakili michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake juu yake kikatoka 1983. Mtu anayesafiri leo hadi Kolo kuiona anastahili kuambiwa "kati ya 150 na 450", ajue kwamba milima hii bado haijahesabiwa ikaisha.

Lililonikera zaidi mwaka ule wa sensa (kuliko mengine yote ya mwaka huo, kabla hamjaniuliza) ni neno mara. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 3,085,625. Wameongezeka watu milioni moja na elfu mbili hivi. Kuna mahali utasikia "watu wa Dodoma wameongezeka mara moja na nusu". Hebu piga hesabu. Kilichoongezeka, kama kweli ni mara moja na nusu ya wale milioni mbili, kingekuwa milioni tatu, na mkoa ungefika milioni tano na ushee. Siyo hivyo. Walichofikia ni karibu mara moja na nusu ya idadi ya mwanzo. Walichoongezeka ni karibu nusu, asilimia 48. Kuongezeka ni jambo moja, kufikia ni jambo lingine. Na ukitaka kulinganisha na taifa, Tanzania nzima ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120, ongezeko la asilimia 37. Dodoma imelizidi taifa kwa kasi. Kwa vichwa haikulizidi, wala haiwezi, maana yenyewe ni sehemu ya taifa hilo. Kila mara ni lazima useme kwa lipi, kama yule dalali: kimo au nyama?

Mara ina ubaya wa ziada. "Bei ya petroli imepanda mara tatu." Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Je, bei imepanda katika matangazo matatu, shilingi kidogo kidogo? Au lita imefika bei ya lita tatu za zamani? Ya kwanza mtu ananung'unika na kuendelea na safari. Ya pili bodaboda wote wanaegesha. Na ile "mavuno mara tatu zaidi" ya mbegu? Mkulima ambaye ekari yake humpa magunia manne ya alizeti anaahidiwa kumi na mawili, au manne yake pamoja na kumi na mawili juu, jumla kumi na sita? Muuza mbegu atakuwa na jibu moja kabla ya mauzo na jingine baada ya mavuno. Ndiyo, na "bei imeshuka mara tatu" ndiyo sijui niiweke wapi. Kitu kikishuka mara moja ya thamani yake kimeshakuwa bure.

Ukitaka kusikia Kiswahili kinacholinganisha kwa usahihi, usidharau lugha ya sheria. Watu huicheka kwa ugumu wake, lakini ina maneno mawili ya dhahabu: isiyozidi na isiyopungua. Faini isiyopungua laki moja. Kifungo kisichozidi miaka miwili. Hapo mpaka wenyewe umo ndani: miaka miwili kamili ni halali, siku moja juu ya hapo si halali. Chukua lumbesa, ugonjwa wa masoko yetu, gunia lililoshonewa kichwa kingine juu mpaka halijulikani linaishia wapi. Mnunuzi analiita gunia moja, analipa la gunia moja, mkulima anapoteza debe au mawili bila kusema neno. Wakala wa Vipimo wanachosimamia ni kwamba kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Kilo 100 juu ya mizani, sawa. Kilo 101, limezidi. Hakuna mashairi hapo. Na mzani haujui kusema "kubwa zaidi", unaonesha namba tu.

Nimalizie na kijana wa Kondoa. Linatoka tangazo la kujiandikisha kupiga kura, na msomaji kwa nia njema kabisa anasema kwamba wanaohusika ni "vijana wenye umri wa zaidi ya miaka 18". Binti ametimiza kumi na minane wiki iliyopita. Anahesabu: zaidi ya 18 ni 19. Anabaki shambani anapukuchua mahindi. Katiba yetu haikusema hivyo. Ibara ya 5 inamtaja raia aliyetimiza miaka kumi na minane, na kutimiza ni kitenzi kisicho na utata: siku ya kuzaliwa ikifika, umetimiza. Hata ambaye atatimiza ifikapo siku ya uchaguzi huandikishwa. Kwa hiyo nyie mnaosoma matangazo hayo vijijini kwa kipaza sauti cha gari, someni "aliyetimiza miaka 18", au "miaka 18 na kuendelea". Ni maneno mafupi, hayaongezi hata sekunde moja ya mafuta ya gari.

Wiki ijayo nitakuwa na kuzidi katika kazi yake nyingine, ile ya mvua inazidi kunyesha na bei zinazidi kupanda, ambayo wengi wanaiua kwa kusema "zaidi na zaidi". Kwa leo, usiku mwema. Taarifa ya habari inafuata.